Miguu Iliyofika Kigwena

Tarehe 4 Agosti 2003, fundi Jean-Pierre alitoboa ukuta kati ya nyumba ya Wema na nyumba ya Roger mjini Rumonge, akapitisha waya wa buluu, kisha akaziba tundu kwa udongo. Roger, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Uvira, alikuwa na laini ya simu. Wema aliwapigia watu chapa barua zao, na alikuwa na kompyuta mbili. Moja aliivusha ng'ambo ya ukuta, na intaneti ikaingia nyumba zote mbili.

Siku tatu za kwanza waligombania zamu. Siku ya nne Roger alileta sheria ya ziwani.

"Mama Kaoutar, kule kwa maji, mwenye mutumbwi na mwenye taa wanagawa nusu kwa nusu. Hata samaki akiwa mumoja, wanamukata."

"Na kichwa anachukua nani?" aliuliza Wema.

"Mwenye mutumbwi."

"Na mwenye mtumbwi hapa ni nani?"

"Laini iko ya nani?" alisema Roger.

Jean-Pierre aliiandika sheria hiyo ndani ya mashine kama alivyoombwa. Tangu siku hiyo kila kilichoingia kilikatwa sawasawa. Kwa kuwa barua huanza kwa salamu na kuishia kwa shida, Roger alipata salamu zote na Wema alipata shida zote. Jioni walisomeana ukutani.

"Papa Chanceline, mdogo wako anaomba viatu," alisoma Wema.

"Mwambie barua haikufika."

"Nusu yake imefika, na ndiyo hiyo yenye viatu."

Mume wa Wema, Ayubu, alikuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania kwa mwaka wa tatu. Huku nyuma, shamba lake la michikichi pale Kigwena lilivunwa na Josias, mwenyekiti wa Kamati ya Mashamba Yaliyoachwa. Kamati ilikuwa imebandika tangazo: mwenye shamba ambaye hatakuwa amelikanyaga shamba lake na kulidai kwa kinywa chake kufikia tarehe 30 Septemba, amelipoteza. Wema alikwenda kudai mara nne. Aliambiwa mke si mwenye shamba.

Barabara kutoka Kabonga, mpakani, ilikuwa na bariyeri nne za askari, na boti zilikatazwa. Ayubu aliomba kibali cha njia mwezi Machi, akaomba tena mwezi Juni, asikipate. Pale kambini alifagia ofisi yenye kompyuta moja. Ijumaa tarehe 26 Septemba alimaliza kufagia, akavaa shati safi, akajituma nyumbani mwenyewe kwa kompyuta hiyo, kama barua.

Safari ilichukua saa tano, kwa sababu laini ilikuwa nzito na umeme ulikatika mara mbili. Saa nane mchana kichwa, kifua na mikono vilifika kwa Roger, mezani, kando ya sahani ya ugali. Kiuno na miguu vilifika kwa Wema, vikiwa vimefungwa mkanda.

"Amahoro," alisalimu Ayubu. "Hapa ni kwa Wema?"

"Ni kwa jirani," alisema Merveille, mke wa Roger, akisogeza sahani. "Karibu, shemeji. Wema amepata upande wa chini."

Wema alikuja mbio, akamshika mume wake mashavu, akalia kidogo, kisha akamwuliza kama amekula. Ayubu alikula ugali wa Roger, na upande wa pili wa ukuta miguu ikanyooka kama ya mtu aliyeshiba. Kaoutar, binti yao wa miaka mitatu, alikaa kwanza kwenye mapaja ya baba yake, kisha akaenda kwa jirani kumwona.

Walijaribu kumuunganisha. Roger alimpakata, akamweka juu ya miguu kama sufuria juu ya mafiga, naye akateleza. Jean-Pierre aliitwa. Alisema Ayubu hana hitilafu, hitilafu iko katika sheria. Angeweza kuifuta, lakini kilichokwisha kukatwa hakiungiki papo hapo. Ayubu angepaswa kwenda kambini tena, kisha aje upya kwa nyumba moja.

"Kambini sirudi," alisema Ayubu. "Hata saa moja. Kwa ajili ya miguu tu?"

Zilibaki siku nne kufikia tarehe ya Kamati.

Jumanne tarehe 30, asubuhi, walianza safari ya Kigwena. Roger alimfunga Ayubu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kamba ya nyavu. Miguu ilitembea kando ya Wema, na kila baada ya hatua chache ilibidi isubiri.

"Iambie ipunguze mwendo," alisema Wema.

"Haikunisikiliza hata nilipokuwa nayo," alisema Ayubu.

Kwenye bariyeri askari aliomba karatasi. Wema alikuwa na kitambulisho chake. Roger alikuwa na kadi ya mgeni. Ayubu alitoa mfukoni mwa shati kadi ya mkimbizi.

"Hii inasema uko Tanzania," alisema askari.

"Nilikuwa."

"Kwa hiyo hauko hapa. Hauwezi kupita."

"Na miguu?"

Askari alisoma amri iliyobandikwa kwenye nguzo. Amri ilisema uso wa kila mtu ulinganishwe na picha yake. Aliitazama miguu kwa makini, mbele na nyuma.

"Hii haina uso," alisema. "Sina cha kulinganisha." Akainua kamba.

Roger alibaki na baiskeli. Wema alifuatana na miguu kilomita mbili mpaka shambani. Josias alikuwepo na daftari la Kamati, pamoja na Amuri, aliyemkatia mikungu ya michikichi. Saa nne na dakika kumi miguu iliingia shambani. Ilizunguka mipaka yote minne, ikaruka mtaro ambao Ayubu aliuchimba mwaka 1999, ikasimama chini ya mchikichi wa kwanza.

"Hii ni yenyewe," alisema Amuri. "Mgeni angetumbukia mtaroni. Mimi mwenyewe nilitumbukia."

"Andika," alisema Josias, na Amuri akatia dole gumba daftarini.

"Na mimi nasema shamba hili ni la Ayubu," alisema Wema.

"Wewe tumekusikia mara nne."

Wakati huohuo, pale bariyeri, Ayubu alisimamishwa juu ya kiti cha baiskeli. Alilidai shamba lake kwa sauti kubwa mara tatu, mbele ya Roger, askari na wanawake wawili wenye vikapu vya mihogo. Askari aliandika barua ya ushahidi bila kuombwa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Kamati ilikaa Alhamisi. Ilikubali ushahidi wote, ikaandika uamuzi kwa Kifaransa, na Wema akaupiga chapa mwenyewe kwa kuwa Kamati haikuwa na mashine. Uamuzi ulisema kwamba aliyekanyaga hakudai na aliyedai hakukanyaga. Shamba limeachwa. Josias alitia sahihi.

Mwezi Oktoba Roger aliomba sheria ya ziwani ifutwe, na barua zikaanza kufika nzima. Ayubu alikaa kwenye meza ya Roger, akawapigia watu chapa barua zao, kwa kuwa mikono ilikuwa huko. Miguu ililala kwa Wema. Kila asubuhi ilikwenda Kigwena, na askari walizoea kuinua kamba kabla haijafika. Josias hakuizuia. Aliagiza tu mikungu isilazwe mahali inapopita miguu.

Jioni Wema aliiosha miguu kwenye beseni, na ng'ambo ya ukuta Ayubu alisema maji ni ya baridi.

"Leo wamekata mikungu mingapi?" aliuliza.

Mguu wa kulia uligonga sakafu. Wema alihesabu mpaka arobaini na moja, kisha akaenda kupakua chakula cha Kaoutar, na mguu ukaendelea kugonga.