Chumba Chake cha Ahera

Katika nyumba nyingi neno ahera hutajwa kwa sauti ya chini, na aghalabu siku za msiba. Nyumbani kwa fundi rangi lilitajwa jikoni, kila uchao, na mkewe ndiye aliyekuwa bingwa wa kulitaja.

"Nikifika ahera," alikuwa akisema huku akichomoa brashi ya mumewe kwenye kikombe chake cha chai, "naomba chumba changu peke yangu. Miaka arobaini ya brashi na mikoromo inatosha, baba."

"Nitakuja kukupakia rangi hicho chumba," fundi alimjibu, akafukuzwa jikoni.

Kisha daktari akasema fundi lazima apasuliwe moyo, na tangu siku hiyo neno likatoweka mdomoni mwa mama yule. Kisu hakikumtisha fundi. Kilichomtisha ni kile kimya. Siku ya tatu alichukua kikombe kizuri kuliko vyote kabatini, akatumbukiza humo brashi yenye rangi ya bluu, akasubiri kimbembe. Mkewe aliiosha brashi, akaianika dirishani, akamuuliza kama ameshakula. Huyu ameshaniaga, fundi alisema moyoni.

Asubuhi ya kupasuliwa, kitanda cha magurudumu kilipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alimshika mkewe mkono.

"Mama watoto, kile chumba chako cha ahera vipi? Bado unakitaka?"

Mkewe alimkwangua rangi kidogo iliyobaki kwenye ukucha. "Nenda, baba," alisema, na mlango ukafungwa.

Fundi alipozinduka ilikuwa alasiri. Kifua kilimuuma, ulimi ulikuwa mkavu, na macho yalikuwa mazito kufunguka. Lakini masikio yalikuwa yameshaamka, na kando ya kitanda alisikia sauti anayoijua.

"Umemsikia mwenyewe, nesi? Mtu kapasuliwa kifua, bado anakoroma kama mashine ya kusaga! Nakwambia, nikifika ahera, chumba changu peke yangu. Na kikombe changu naenda nacho!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Furaha ilimjaa fundi mpaka akasahau maumivu. Hakufumbua macho. Alivuta pumzi kadiri kifua kilivyomruhusu, akakoroma tena, safari hii kwa makusudi.