Mti Mmoja, Shahidi Mmoja

Lul alikuwa amechutama mbele ya karai uani kwake, mtaa wa Iftin, akiwa na nguo zake nyeupe za eda, akisugua mbegu za komamanga kwenye chujio la chai mpaka nyama nyekundu ikaisha yote. Mbegu ukiiacha na nyama yake inaoza. Akazianika kivulini, halafu akatafuta udongo laini. Sasa udongo wa Garissa unaujua, jembe linaruka kama limegonga bati. Palipokuwa laini ni mahali pamoja tu: lile shimo lililochimbwa kupokea maji ya kuoshea maiti ya Liban, mume wake.

"Abaayo, dada yangu, hapo hapapandwi kitu," jirani yake Saynab akamwambia kutoka ng'ambo ya ua.

"Ni maji tu, Saynab."

"Haya. Mimi nimesema."

Ikaota mbegu moja. Mkomamanga wa mbegu hukaa miaka miwili, mitatu, ndipo uzae. Huu ulizaa eda haijaisha. Saynab alisema ni samadi ya mbuzi.

Komamanga la kwanza lilipasuka Lul akifua. Likakohoa kikohozi kile kile cha Liban, likatema maji ya mto, likasema, "Sikuteleza. Warsame alinisukuma."

Lul akasuuza shuka, akaianika. Warsame ni shemeji yake. Ndiye aliyeleta habari kwamba Liban ameteleza wakinywesha mbuzi mto Tana. Na ndiye, kwa mila ya dumaal, aliyekuwa akingoja eda iishe amrithi mjane wa ndugu yake, na nyumba, na mbuzi. Lul hakumtaka hata kidogo. Akawaita wazee.

Wakaja watatu, Warsame nyuma yao, wakakaa mkekani. Komamanga likawasalimia.

"Wa aleykum salaam, Liban," wakajibu. Mmoja akaongeza, "Sauti imeloa, walaal, ndugu yetu. Pole."

Likarudia yale yale. Warsame akakuna kisigino.

"Shahidi mmoja hatoshi," akasema Mzee Abdihafid.

Pale juu mtini likapasuka lingine: "Alinisukuma." Na lingine tena.

"Adeer, hao si watatu sasa?" Lul akauliza.

"Mti ni mmoja, binti yangu. Mti mmoja, shahidi mmoja. Ungepanda miwili."

"Nilipanda kiganja kizima. Ulioota ndio huo."

"Basi ndiyo majaliwa hayo. Leta sahani."

Akaleta. Wakayachuma yote matatu, wakayavunja, wakala polepole bila kudondosha hata punje, maana kila komamanga lina punje moja ya peponi na hakuna ajuaye ni ipi. Warsame ndiye aliyekula kwa adabu zaidi. Mdomoni mwake sauti ilikuwa bado inasema, "Sikuteleza, sikuteleza," ikizidi kuwa ndogo kila akitafuna.

Akameza. Akajifuta midomo, akamgeukia Lul.

"Tamu, mashallah," alisema. "Basi ndoa ni Ijumaa."