Mfu Aliyebisha Hodi

Shemeji yangu Viktor, mdogo wa marehemu mume wangu, alinikuta natwanga mpunga. Alikuja kuchukua gazeti lake la hadithi mpya za kutisha, lililofika Ifakara na lori mwanzoni mwa mwaka huo wa 1955.

"Umezionaje, shemeji?"

"Mbovu," nilimwambia bila kuacha kutwanga. "Bundi analia kila ukurasa, utadhani analipwa. Na hiyo ya mfu anayebisha hodi ndiyo mbovu kupita zote. Mke anamsikia mumewe mlangoni, anazimia! Azimie kwa nini? Mwandishi huyo hajafiwa. Mimi ningemfungulia, nimuulize kama amekula."

Viktor akainamisha kichwa. Mto Kilombero ulipopindua mtumbwi wa Evaristo, mume wangu, hatukupata mwili wala kasia. Tukazika mgomba badala yake, kama ilivyo desturi. Viktor ndiye aliyeung'oa shambani, na kwa machozi yake akasahau kuikata mizizi.

"Kwa hiyo hakuna kilichokutisha?" akauliza.

"Humo gazetini, hakuna."

Sikumwambia mengine. Mvua zilipoanza nilikwenda kupalilia kaburi, nikakuta udongo umepasuka, kitu kinasukuma kutoka chini. Sikukimbia. Nilipiga magoti, nikafukua kwa kucha huku naita, "Evaristo! Evaristo, mume wangu, nipo hapa!"

Ulikuwa mgomba unachipua.