Jina la Baba Halirudishwi

Kwenye ukoo wetu, walioitwa Tebajjukira ni wawili tu. Wa kwanza alilisha kijiji wakati wa njaa, halafu migomba yake ilipokauka hakuna aliyemletea hata ndizi moja. Ndiyo maana ya jina lenyewe: watu hawakumbuki. Wa pili ni baba yangu, na baba alijinyonga.

Juzi mke wangu, Nakitto, kajifungua mtoto wa kiume. Tukampeleka kwa babu, maana majina ya ukoo anagawa yeye.

"Mpe la baba," nikamwambia.

"La mtu aliyejitia kitanzi halirudishwi, mjukuu wangu. Unajua."

"Lakini si mwanao?"

"Ni mwanangu. Na ule mti niliukata mwenyewe, nikauchoma mpaka kisiki. Unataka na huyu aifuate kamba?"

"Basi nitamwita mwenyewe nyumbani."

Shangazi, aliyekuwa ameketi kando ya babu, akacheka. "Shule uliikimbia, sasa unaukimbia na ukoo?"

Babu akampakata mtoto, akamwita Mayanja. Kina Mayanja tunao sita tayari. Ukiita mmoja uani, wanageuka wote.

Njiani nikamwambia Nakitto tumwite Tebajjukira hata kwa siri, tukiwa wawili. Akamfunika mtoto masikio.

"Baba Mayanja, ukilitamka tena narudi kwetu naye."

Ningeweza kubisha. Lakini nilimtazama yule mtoto shingoni, nyembamba vile, na mimi nikaogopa. Nikaliacha lile jina. Wa tatu hatakuwepo.