Funguo za Mtaa Mzima

Nianze kwa kujisema mwenyewe kabla wengine hawajanisema: mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akichelewa kuchukua gauni lake, najua kampata fundi mwingine. Jirani akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, najiuliza anataka kuazima nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata mbuzi akinitazama mara mbili nitataka kujua katumwa na nani. Mtaani wananiita Mama Pindo, kwa sababu hakuna nyumba ambayo sijaikunjia pindo la kitu, iwe suruali, shuka au pazia.

Na ni mimi huyohuyo niliyekabidhiwa funguo za mtaa mzima.

Mji wetu ni mdogo, na ng'ambo ya daraja kuna mwingine mdogo vilevile. Anayepita kwa basi hudhani ni mji mmoja. Sisi wenyeji hatujawahi kudhani hivyo. Kuku akipotea huku, kala mtu wa ng'ambo. Baiskeli ikipotea kule, wanavuka daraja kuja kututolea macho. Kila upande una kamati yake ya usalama, na kila kamati kazi yake kubwa ni kuuangalia upande wa pili.

Kamati yetu ndiyo iliyoweka utaratibu wa funguo. Kila nyumba inaacha ufunguo wa akiba kwangu, ili mwenyewe akisafiri na bomba likipasuka au moto ukizuka pawe na wa kufungua. Kibanda changu kipo kwenye kona, na nakuwepo tangu asubuhi hadi jioni. Sharti lilikuwa moja tu: nisiandike jina la mtu kwenye ufunguo, usije ukaangukia mikono mibaya.

Sasa funguo kumi na saba bila majina utazijuaje? Nikatumia akili yangu. Mapazia ya mtaa huu karibu yote nimeyashona mimi, na vipande vinavyobaki huwa situpi. Kila ufunguo nikaufunga kitambaa cha pazia la nyumba yake. Wa Mwalimu mstaafu, kitambaa cha buluu chenye mistari. Wa Muuguzi, kijani chenye majani. Wa Dereva wa lori, kile chekundu kinachoumiza macho, aliking'ang'ania nikamwachia. Nikazitundika kwenye ubao, ubao nikauangika ndani ya kijichumba cha kujaribia nguo, nyuma ya pazia, mpita njia asizione. Mwenyekiti wa kamati, yule mwenye duka la dawa, alipoziona alinipongeza. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha Mwalimu akaenda kumwona mjukuu wake, siku nne. Aliporudi alikuta mlango umefungwa vizuri, madirisha mazima, na redio yake haipo, wala saa ya ukutani. Mwezi haujaisha, Muuguzi akatoka kwenye mafunzo akakuta televisheni imeondoka pamoja na blanketi mbili. Mlango mzima. Tukiwa bado tunashangaa, Dereva akarudi safari naye akakuta vivyo hivyo.

Nilikimbilia ubaoni. Funguo zote zilikuwa pale pale, kila mmoja kwenye msumari wake. Nikashusha pumzi. Basi si kwangu, nikajiambia, huyu ni mtu anayejua kufuli.

Na fundi kufuli mtaani kwetu alikuwa mmoja tu. Mume wa binti yangu.

Kijana wa watu ni mtaratibu, sitamsingizia. Alivuka daraja miaka miwili iliyopita akamwoa mwanangu wa pekee, wakapanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, naye akaweka meza yake ya kuchonga funguo sokoni. Hanywi, hapigi kelele, na akiniona ananipa shikamoo hata akiwa upande wa pili wa barabara. Lakini ni mtu wa ng'ambo. Ukimya wake nao ulikuwa ukinikera. Mtu asiyezungumza sana, mimi huwa najiuliza anafikiria nini.

Asubuhi moja alikuja kunirekebishia komeo la kibanda. Alipomaliza akaingia kwenye kijichumba kuchukua ufagio, akachelewa kutoka. Nikafunua pazia. Alikuwa amesimama mbele ya ubao.

"Mama," akasema, "huu si wa Mwalimu?" Akagusa kile cha buluu. "Na huu wa Muuguzi. Huu mwekundu, wa Dereva."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ufunguo upi ni wa nani, hata mwanangu.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mama, toa hivi vitambaa," akasema. "Leo leo. Tafadhali."

Hakusema zaidi, maana mteja alikuwa ameingia na suruali mkononi anataka ipunguzwe kiuno. Akakusanya vifaa vyake akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika futi, sijui hata nilimpima yule mteja kiuno au goti. Kichwani mwangu lilikuwa likizunguka jambo moja: amezitaja zile tatu. Kati ya funguo kumi na saba, amezitaja zile tatu za nyumba zilizoibiwa. Na sasa anataka nitoe alama, ili nini? Ili ushahidi upotee.

Nilijibishana na nafsi yangu hadi saa sita mchana. Nikamfikiria mwanangu. Halafu nikamfikiria Mwalimu, mwanamke mzima wa miaka sabini, anakaa kimya nyumbani bila redio. Nikafunga kibanda nikaenda duka la dawa.

Mwenyekiti alinisikiliza huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi. Nilipofika kwenye vitambaa akaacha kupanga.

"Amezijua bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

"Basi ndiye huyo, Mama Pindo. Hapo hakuna mjadala." Akafungua daftari. "Nawaita na kamati ya ng'ambo, Jumamosi alasiri, mbele ya watu wote. Meza yake sokoni inaondoka, na yeye anakwenda polisi. Wewe sitakutaja. Nitasema shahidi."

Nilitoka pale nikiwa na roho nzito. Lakini, niseme ukweli, nilikuwa pia na kiburi kidogo. Niliona nimefanya jambo gumu ambalo wengine wasingeliweza.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Wa ng'ambo walikaa kushoto, sisi kulia, kila upande umenuna. Nilikaa na binti yangu mstari wa pili. Mwenyekiti akaeleza nyumba tatu, milango mitatu mizima, kisha akamgeukia mkwe wangu.

"Tuna shahidi wa kuaminika. Anasema wewe unazijua funguo za watu zilizotunzwa kwa Mama Pindo, upi ni wa nani, na hakuna aliyekuambia. Kweli au si kweli?"

Mkwe wangu akasimama. "Ni kweli, nazijua."

Ukumbi ukanguruma. Binti yangu aligeuka akanitazama, mimi nikatazama ubao wa kuandikia.

"Naomba funguo ziletwe," mkwe wangu akasema, akingoja kelele zipungue.

Ilibidi mimi mwenyewe niende kuzichukua. Nilirudi na ule ubao kifuani, na kila hatua funguo zikigongana. Mkwe wangu hakuugusa. Alisogea pembeni kabisa, mikono nyuma, akamwita dada muuza maziwa, rafiki wa binti yangu, yule anayepita mlango kwa mlango kila asubuhi na madumu yake.

"Dada, umewahi kuingia kwenye kibanda cha Mama?"

"Mimi nguo zangu nashona mwenyewe," akajibu, na watu wakacheka.

"Huu wa buluu ni wa nani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Wa Mwalimu. Si pazia lake hilo?"

"Na huu wa kijani?"

"Muuguzi."

Watu wakaanza kujibu wenyewe kutoka kwenye mabenchi. Huo wa fundi viatu! Huo wa kina pacha! Huo wa mama mwenye nyumba! Hata wa ng'ambo, ambao hupita mtaani kwetu wakienda stendi, walijua nusu yake. Kicheko kilienea ukumbi mzima, kisha kikaanza kufifia, benchi moja baada ya jingine, kila mtu alipoelewa alichokuwa akikichekea. Kila aliyewahi kujaribu nguo kwangu alikuwa amebaki peke yake na ubao ule, pazia limefungwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wenye funguo walianza kuja mbele mmoja mmoja kuchukua zao. Hawakunitukana. Mwalimu alinipigapiga bega, na afadhali angenizaba kibao.

"Mama hakujua," mkwe wangu akawaambia watu. "Alitaka kutunza vizuri. Mtu anaukandamiza ufunguo kwenye sabuni, anaurudisha, anakwenda kuchonga mbali. Ni kazi ya dakika moja." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Nina swali moja tu. Nani alisema ni mimi?"

Mwenyekiti akafunga daftari. "Shahidi analindwa."

Nilikuwa na nafasi ya kusimama pale. Niliitumia kuhesabu misumari mitupu ubaoni.

Mwizi alikamatwa wiki tatu baadaye, akijaribu kuuza saa ya Mwalimu mji wa mbali. Alikuwa mtu wa mtaani kwetu, mzaliwa wa hapahapa, na alikuwa mteja wangu. Suruali zake nimempunguzia kiuno mara nne, nikawa namhurumia kwamba anakonda. Ndiye aliyeingia siku ile mkwe wangu alipoacha kueleza. Watu wa ng'ambo walitutania hadi wakachoka. Meza ya mkwe wangu ilipata wateja wengi kuliko mwanzo, maana kila nyumba ilitaka kufuli mpya. Nikaanza kupata usingizi. Nikafikiri limekwisha.

Alhamisi moja binti yangu akaja kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kunikunjia vitambaa, kama alivyozoea tangu akiwa mdogo.

"Nimemjua, Mama," akasema.

"Nani?"

"Aliyemchongea mume wangu. Ni huyu muuza maziwa."

Cherehani ikanikwama. "Rafiki yako? Si ndiye aliyemsafisha mbele ya watu?"

"Ndiyo maana! Hukuona alivyojibu haraka? Hakufikiri hata kidogo. Amejuaje? Mtu anayejua mapazia ya watu namna ile anachunguza, Mama. Anapita kila mlango. Na nimekumbuka, siku zile alikuwa akimwangalia mume wangu vibaya." Alikuwa akikunja kwa nguvu. "Nimewaambia wote. Mtaa wetu hakuna anayenunua kwake tena. Jana nilimwona anarudi na madumu yamejaa, akanisalimia, sikumwitikia. Alikuwa analia, lakini mimi hanidanganyi kwa machozi."

Nilimtazama mwanangu. Macho yalikuwa yake, lakini maneno yalikuwa yangu. Nimemlea miaka ishirini na sita na sikujua kwamba nimemfundisha hivyo.

"Hapa nimebaki na wewe tu wa kumwamini," akasema.

Ningeweza kumwambia amsamehe tu muuza maziwa. Ningeweza kusema hatuna ushahidi, yaliyopita yamepita. Maneno hayo yote yalinijia, tena yamepangika vizuri. Yule mwanamke angeuza maziwa yake tena baada ya mwezi au miwili, na mimi ningebaki na mwanangu.

Nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliyekwenda kwa mwenyekiti. Mumeo alizitaja zile funguo tatu mbele yangu, nikamshuku. Sikumuuliza zaidi. Nilifunga kibanda nikaenda kumsema. Muuza maziwa hajui lolote."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alimaliza kukunja kitambaa alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine.

"Jumamosi ile," akasema polepole, "ulikuja kunichukua nyumbani. Ulinishika mkono njia nzima hadi ukumbini. Ulikuwa umeshasema?"

"Nilikuwa nimeshasema."

"Ulijua wanamwitia nini."

"Nilijua, mwanangu."

Alisimama akaichukua kanga yake kwenye kiti. Nilitaka kusema nisamehe, na nilisema, lakini nadhani nilisema kwa sauti ndogo mno, au hakutaka kusikia. Alitoka bila kuniaga. Nikasogea hadi mlangoni kumwangalia. Alipita nyumba yao bila kusimama, akaenda hadi mwisho wa mtaa kwa muuza maziwa, akagonga. Hakuna aliyefungua. Akagonga tena, akaita jina la rafiki yake, kisha akaketi chini kizingitini kusubiri.