Sauti Iliyonyooshwa

Gladness alikuwa na studio ndogo huko Rau, chini ya mlima, chumba cha nyuma katika nyumba ya mama yake, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Humo alirekodi kwaya za huko juu mlimani, matangazo ya maduka ya mjini, na mara mojamoja vijana wa mtaa wa Njoro waliotaka kuwa wasanii. Kompyuta yake ilikuwa na umri wa miaka tisa. Mwezi wa saba mfumo endeshi wake ukafika mwisho. Waliouunda walisema hawataushughulikia tena, na toleo jipya likakataa kuingia kwenye mashine kuukuu namna ile. Binamu yake Denis, fundi kompyuta wa Arusha, akaja Jumamosi moja kumwekea mfumo mwingine kabisa, ule wa bure.

"Nifute kila kitu?" Denis aliuliza kabla ya kubonyeza.

"Futa tu. Kazi zangu zote ziko kwenye diski ya nje."

Na kweli zilikuwepo. Kompyuta ikawa inawaka haraka kuliko zamani, na Jumapili nzima Gladness alikuwa na furaha. Jumatatu asubuhi akafungua kazi ya kwaya ya kigango kimoja cha Uru, huko mlimani, nyimbo nne za jubilei ya miaka hamsini ya kanisa lao. Kabla wimbo wa kwanza haujatokea, likaja dirisha dogo la kijivu: plagini kumi na saba hazijapatikana.

Plagini ni vile viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, kila kimoja na kazi yake. Gladness alizikusanya moja moja kwa miaka mingi. Kuna iliyoondoa kelele ya mvua, kuna iliyoweka mwangwi kama wa kanisa kubwa, na kuna iliyonyoosha sauti ya mwimbaji pale inapopanda au kushuka kidogo. Sauti zenyewe alizitunza kwenye diski. Plagini zilikuwa ndani ya kompyuta, na Denis alizifuta kwa ruhusa ya Gladness mwenyewe.

Akampigia.

"Za zamani ndo zinazingua, dada," Denis akasema. "Hata ukizirudisha, zilitengenezwa kwa ajili ya mfumo ule mwingine. Lakini kuna programu ya kuzitafsiria. Nakutumia maelekezo."

Maelekezo yalikuwa marefu. Gladness alipika chai akaanza. Hadi Jumatano jioni, plagini kumi na moja zilikuwa zimekubali kufanya kazi. Tatu zilifunguka zikaonyesha dirisha jeusi tupu. Mbili zilidai namba ya usajili, na tovuti ya waliozitengeneza ilikuwa haipo tena. Ya kumi na saba, ile ya kunyoosha sauti, ilikuwa mbaya kuliko zote: kila alipoigusa, programu nzima ilijifunga na kumrudisha mwanzo. Alijaribu mara nyingi. Mwishowe alitoka nje akasimama kwenye migomba, akavuta pumzi, akarudi, akajaribu tena. Ikajifunga.

Kwa kwaya nyingine angewaita waje kurekodi upya. Hii hakuweza. Mwimbaji kiongozi katika nyimbo zote nne alikuwa Mektrida, mama wa miaka sitini na minane, mkulima wa kahawa na ndizi, aliyeongoza kwaya ile tangu alipokuwa msichana. Walimrekodi mwezi wa nne, wakati wa masika. Mwezi wa tano akafanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Alipona vizuri, anakula, analima, lakini sauti haikurudi. Siku hizi ananong'ona tu. Alichoimba mwezi wa nne ndicho kilichobaki.

Alhamisi asubuhi, Gladness akiwa bado kwenye kiti chake, mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya, Basili, na nyuma yake Mektrida mwenyewe, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi, mkononi mkungu mdogo wa ndizi.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Basili akajibu. Mektrida aliitikia kwa kichwa, akamkabidhi zile ndizi.

"Tumekuja kusikia nyimbo zimefikia wapi," Basili akasema. "Jubilei ni wiki tatu kutoka sasa."

Gladness aliwaeleza yote bila kuficha. Basili alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Lakini ile uliyonitumia kwenye WhatsApp mwezi wa tano, ilikuwa nzuri sana. Si utumie ile ile?"

"Ile ilikuwa ya kusikilizia tu, mwalimu, tena ni wimbo mmoja. Ukiipiga kwenye spika za kanisani itakwaruza."

Mektrida alivuta kiti karibu. Akanong'ona, na Gladness ilibidi ainame ili amsikie.

"Hebu niwekee ulizo nazo."

"Mama, zimebaki hivi hivi. Hazijasafishwa. Utasikia mpaka mvua."

"Weka."

Gladness akaweka wimbo wa kwanza. Mvua ya mwezi wa nne ilisikika kweli ikipiga bati, mbali, chini ya kinanda. Kisha sauti ya Mektrida ikaingia. Hakukuwa na mwangwi wala pambo lolote, ilikuwa kana kwamba anaimba sasa hivi, pale pale kitini alipoketi. Gladness alijishughulisha na vitufe ili asimtazame usoni. Wimbo ulipofika ubeti wa tatu, Mektrida aliinua kidole.

"Rudisha kidogo."

Akarudisha.

"Tena."

Ilipokwisha mara ya tatu, Mektrida alifuta macho kwa ncha ya kitenge, taratibu, bila aibu.

"Huyu ndiye mimi," akasema. "Yule wa kwenye simu ya Basili hakuwa mimi. Sikutaka kukuvunja moyo, maana ulifanya kazi kubwa. Lakini yule alikuwa anafika kwenye noti moja kwa moja, paa! Mimi sifiki hivyo. Natokea chini, napanda. Mama yangu aliimba hivyo akikata majani ya ng'ombe, na shangazi zangu wote."

Gladness aliondoa mkono kwenye vitufe. Alikumbuka vizuri siku aliyokaa na wimbo ule, akinyoosha kila mahali ambapo mstari wa sauti ulipinda kwenye kioo, akiamini anamsaidia mama mzee aliyeshindwa kufika kwenye noti. Hakuwahi kumuuliza.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Hukujua."

"Lakini Mektrida," Basili akaingilia, "kinanda kiko pale juu, wewe bado uko chini. Watu watasema kwaya haiko sawa."

"Miaka hamsini nimeimba nao, Basili. Walishawahi kusema?"

Basili akafikiri. Akacheka kidogo, akasema hapana, hawajawahi.

Kazi ilibadilika tangu siku hiyo. Gladness aliiondoa kabisa plagini ya kunyoosha kwenye orodha, na zile tano zilizokataa, ya kuondoa mvua ikiwa mojawapo, akaacha kuzibembeleza. Mvua aliipunguza kwa mkono, pumzi kwa pumzi, akishusha sauti katikati ya maneno mahali ambapo Mektrida hakuimba. Ilichukua siku tisa. Nyimbo tatu zilitoka safi kiasi cha kuridhisha. Katika wa nne mvua ilikuwa imezidi. Kila alipoitoa, ilitoka na maneno.

Alipowapigia kuwaambia, Mektrida alinong'ona kitu pembeni, na Basili akakirudia kwenye simu: "Anasema huo wa nne ataimba Joyness. Tunakuja naye Jumamosi."

Joyness alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mpwa wa Mektrida, mwenye sauti pana na mwoga wa maikrofoni. Alivaa spika za masikioni, akafumba macho, akaimba mstari wa kwanza. Aliimba vizuri sana. Gladness na Mektrida wakatazamana.

Alifika kwenye noti moja kwa moja.

"Umejifunzia wapi kuanza hivyo?" Gladness akamuuliza.

"Kwenye ule wimbo wa WhatsApp alionitumia mwalimu," Joyness akasema. "Shangazi hawezi kuniimbia tena, kwa hiyo nausikiliza huo kila siku nikiosha vyombo. Nimeiga yeye alivyoimba."

Basili alitazama sakafu. Gladness alielewa kwamba kosa lake dogo la mwezi wa tano lilikuwa limepanda mlima likaingia kwenye koo la mtu mwingine, na kwamba hakuna kitufe cha kulifuta.

Mektrida hakukasirika. Alinyanyuka, akasogeza kiti hadi mbele ya Joyness, akaketi magoti yao yakigusana. Akashika mkono wa binti, akauweka chini karibu na goti, kisha akaupandisha polepole huku akinong'ona neno la kwanza la wimbo. Wakafanya hivyo mara nyingi. Joyness alikosea, akacheka, akakosea tena. Gladness alizima mashine ili wasiharakishwe, akaenda jikoni kumenya ndizi za kupikia supu ya mtori.

Walikula saa nane. Walipomaliza, Joyness akasema mwenyewe kwamba yuko tayari. Gladness akawasha, akarekodi. Safari hii sauti ilianzia chini, ikasita kidogo njiani, ikapanda.

"Vipi, mama?" Gladness akauliza.

Mektrida alikuwa bado ameinua mkono hewani. Akaushusha.

"Bado kidogo," akanong'ona. "Lakini amekwishaiona njia. Mwambie arudie."