Fizikia ya Mokami

Mokami alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani, akakaa tena. Mwalimu Masele, anayewashauri wanaoomba chuo cha uuguzi, alikuwa bado anayasoma matokeo yake ya kidato cha nne.

"Tulia, binti. Kiti hakiumi."

Bibi yake, aliyemsindikiza kutoka Genkuru, akacheka.

"Baiolojia unayo, kemia unayo," mwalimu akasema. "Fizikia iko wapi?"

"Niliiacha kidato cha tatu, mwalimu. Hatukuwa na wa kutufundisha."

"Basi mwaka huu uuguzi haupo. Ukaifanye fizikia kwanza, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Au uchukue kozi ya ukatibu muhtasi, yenyewe inaanza mwezi ujao."

Mwezi ujao! Moyo wa Mokami uliruka. Wenzake wote walishaondoka kijijini, kabaki yeye na ndama wa bibi.

"Mjukuu wangu," bibi akasema taratibu, "ng'ombe hapandwi asubuhi akazaa jioni."

Mokami akamgeukia mwalimu.

"Ukatibu sitaki. Mwalimu, fizikia anafundisha nani hapa mjini?"

"Yupo Mwalimu Huruma, kule Nkende. Anaanza Jumatatu."

"Leo hayupo?"